Maharagwe Yasiyo na Mawe

Mama mpenzi,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha kambini, maana Kirundi changu ulikuwa ukikicheka mpaka unashika mbavu. Mjukuu wako ametimiza miaka mitatu wiki hii. Anaitwa Spesi, jina lako, na ukaidi ni wako vilevile. Nikimwita aje kula ananijibu kwa Kiingereza kwamba anakuja, halafu haji.

Leo nimemkuta jikoni amemwaga maharagwe sakafuni anayapanga mstari. Nimekaa chini nikalia. Kuna habari sijawahi kukupa.

Unakumbuka kule kambini Kigoma, wanawake wa mtaa wetu wakianza uchungu walikuja kwako kabla ya kwenda zahanati. Hukuwa mkunga, hukuwa na cheti wala glavu. Ulikuwa na ungo na maharagwe ya mgao, yale yaliyojaa mawe. Ulimkalisha mwenye uchungu mkekani ukampa ungo achague. Uchungu ukija ashike jiwe moja, alegeze mabega, atoe pumzi taratibu mpaka upite, ndipo alitupe. "Usishindane nao," ulimwambia. "Unapita tu. Upishe njia." Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, kazi yangu kuleta chai na kusikiliza yasiyonihusu. Sheria yako ilikuwa moja: mwanamke akianza kutupa maharagwe na kubakiza mawe, saa ya kwenda imefika.

Siku moja nilikuuliza, mimi ulinizaaje? Ulisema, "Siku hiyo sikuwa na ungo," ukageukia sufuria. Nilidhani ni utani.

Tulikubaliana utakuja Sydney unishike kiuno nitakapojifungua. Jovin, mkwe wako, alikwisha nunua godoro lako. Kisha mipaka ikafungwa. Ulisema kwenye simu kwamba korona haimwezi bibi anayemtaka mjukuu wake. Kifua kikakuondoa nikiwa na mimba ya miezi minane. Nilikuzika kwa simu, picha ikikatika kila mara udongo ulipomwagwa. Matanga yako tuliyakalia watu wawili kwenye kochi, kwa kuwa hakuna mgeni aliyeruhusiwa kubisha hodi.

Wiki ya kujifungua, Jovin akarudi na virusi kutoka nyumba ya wazee anayofanyia kazi, Seven Hills. Akajifungia chumbani. Hospitali wakaniambia hawezi kuja, na mimi nitawekwa chumba cha peke yangu. Nikabaki nimekaa na simu mkononi, mpweke, nakutaka wewe.

Uchungu ulianza asubuhi, napiga mswaki. Nikafungua maharagwe niliyonunua hapa Auburn. Mama, hayakuwa na jiwe hata moja. Huku yanachaguliwa na mashine. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nikavaa barakoa, nikashuka ngazi na tumbo langu mpaka kwenye maegesho ya magari, nikaokota vijiwe kwenye kitalu cha maua. Jirani alinitazama dirishani. Nikampungia mkono, ningemweleza nini? Nikaviosha, nikavichanganya na maharagwe kwenye sinia, nikakaa sakafuni kando ya mlango wa chumbani, nikaanza kuchagua mawe niliyoyatia mwenyewe. Ungenicheka.

Nilipopiga simu hospitali, mkunga alinisikiliza akasema kwa upole kwamba nazungumza vizuri mno, huo bado si uchungu wenyewe, ninywe maji nipumzike. Nilikata simu nikijiuliza nilipaswa kupiga kelele kiasi gani ndipo nisadikiwe.

"Bado unachagua?" Jovin aliuliza nyuma ya mlango.

"Bado."

"Basi na mimi bado nasali."

Niliogopa, nisikufiche. Niliogopa mtoto asije akatoka pale sakafuni, baba yake anasikia na hawezi kumgusa, na mimi sijui hata pa kushika. Nikashika jiwe. Nikapumua. Uchungu ukaja tena, nikashika lingine. Sijui zilipita saa ngapi, ila mara moja nilipoangalia bakuli la mawe nikaona maharagwe manne.

Nikapiga simu tena. Sikuwa na Kiingereza cha kueleza habari ya maharagwe, nikasema tu, "Baby is coming. Now." Sauti yangu ilikuwa tulivu vilevile, lakini safari hii sikungoja kuulizwa. Nikaita ambulensi. Jovin akagonga mlango mara tatu kutoka ndani, ndiyo kwaheri tuliyoweza.

Kule hospitali mkunga alikuwa amejifunika gauni, barakoa na kioo cha uso. Nilimjua kwa macho tu. Aliponipima, macho yale yakapanuka, njia ilikuwa imeshafunguka yote. Nilikuwa na jiwe moja kiganjani. Sikushindana. Nilipisha njia. Spesi alizaliwa kabla ya saa sita mchana, na sikupiga kelele, Mama, kama ulivyonifundisha.

Wote walinipongeza. Lakini kwetu aliyejifungua hupewa pole kwanza, ndipo hongera. Siku mbili nililala mle na mtoto, chakula kinaachwa mlangoni, na sikulisikia lile neno. Mwishowe nilijipa pole mwenyewe, kwa sauti, nikaona aibu.

Ndipo jibu lako la ungo likanirudia. Shangazi ndiye aliyenisimulia, si wewe, kwamba nilizaliwa vichakani siku mliyokuwa mkikimbilia mpakani, na wenye bunduki walikuwa karibu. Hukutoa sauti. Mimi nilinyamaza kwa sababu ulinifundisha. Wewe ulinyamaza ili nisiuawe. Halafu ukauchukua ukimya ule wa hofu ukawapa wenzako kwenye ungo, na chai juu yake. Na nani alikupa pole, Mama? Ulinyanyuka ukatembea. Mimi nimekula kwako miaka yote ile na sikuwahi kukutamkia hiyo pole.

Spesi ananivuta mkono, ananipa haragwe moja. "Stone," anasema. Nimelipokea.

Lala salama. Siku ile hukuwa na ungo.

Pole, Mama. Na hongera.

Binti yako,
Mama Spesi