Farasi wa Wambui Hauzwi

Jumapili, Agosti

Hauzwi. Nimemwambia hivyo mnunuzi kutoka Uthiru, na mjukuu wangu Wambui akanitazama kama aliyesikia vibaya. Chuo kinamngoja Eldoret, na farasi wake, mzee aliyestaafu mashindano, yuko hapa Mutuini nyuma ya nyumba.

"Cucu, nani atamsafisha kwato? Wewe unamwogopa."

Kweli namwogopa. Asubuhi nilimwendea kwa nyuma nikampiga kofi kiunoni, kama tulivyosogeza ng'ombe kule Molo. Teke lake lilirusha ndoo hadi uani kwa jirani.

"Huyo si ng'ombe," Wambui alinicheka. "Pitia begani, umwongeleshe, ajue uko wapi."

Jioni nilipitia begani, nikimsemesha Kikuyu, maana sijui farasi husemeshwa lugha gani. Aliniegemea kwa uzito wake wote, lakini mguu wa mbele akanipa. Nikakwangua tope mpaka vidole vikafa ganzi.

Tulipofukuzwa Molo wakati wa machafuko ya uchaguzi, ng'ombe wangu walibaki zizini, na hadi leo sijui nani aliwakamua. Wambui hataondoka na swali kama hilo.

Kesho ananifundisha miguu ya nyuma.