Mwalimu wa Runinga

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai nawe, baba watoto na wanangu hapo nyumbani mko wazima, na kile kikohozi cha kitinda mimba wako kimepoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila mimi usingizi umenihama na chakula hakipiti. Utashangaa kuletewa barua wakati simu zipo. Kwenye simu nimekudanganya mara mbili, dada, na nikisikia tena sauti yako nitakudanganya mara ya tatu. Ndiyo maana nimempa shemeji yako akufikishie mkononi.

Kazi yangu unaijua, na najua unavyoicheka. Kwenye tamthilia mimi ni mwalimu wa watu wazima, nawafundisha lugha ya kwao mama. Darasa lenyewe ni kuta tatu za mbao nyembamba na ubao mmoja. Naandika sentensi, tunaimba kidogo, na kufikia kipindi cha tatu wanafunzi wanataniana kama waliozaliwa nayo. Mwongozaji anasema mtazamaji hana subira ya kumwona mtu akikosea mwezi mzima. Maneno yangu hurekodiwa na bibi mmoja wa kijijini mbali, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Nayasikiliza kwenye simu nikipakwa poda, nayakariri kama kasuku. Kisha nafungua viganja viwili mbele ya darasa, nao wanarudia. Siku hizi hata muuza vocha wa hapa kwetu hunifungulia viganja vyake nikipita, akiniita Mwalimu.

Watu wamenivika kilemba cha ukoka, nami badala ya kukivua nikakikaza. Wewe ulilelewa na bibi yetu, lugha ukaipata bila kufundishwa. Mimi nilizaliwa mama ameshachoka kuchekwa na majirani, akanilea kwa lugha ya mtaani. Ndiyo sababu nilipokuambia kwamba kazi hii imenifundisha, ulifurahi mpaka ukalia. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Sasa, kama nilivyokueleza, tangu apate kiharusi mama ameisahau kabisa lugha yetu ya kila siku. Amebaki na ya kwao tu. Wauguzi walihangaika hadi daktari wa zamu aliponitambua. Kumbe yeye na mkewe hawakosi kipindi. Aliwaambia wenzake kwamba mgonjwa huyu ana bahati, mkalimani ni binti yake mwenyewe.

Juzi daktari huyo akaniita kitandani kwa mama. Alieleza kwamba kidonda cha mguu kimeoza, sumu inapanda, na mguu ukatwe chini ya goti. Alisema mama akili anazo, hivyo lazima akubali mwenyewe, akanisihi nimweleze taratibu kama ninavyofanya darasani. Wote walikuwa wananitazama, dada. Ningesema sijui, mbele ya watu wale? Nilimshika mama mkono, nikatoa sentensi ya kipindi cha nne, ambayo najua maana yake ni kwamba asubuhi ni njema na sote tumekuja kujifunza. Halafu, kwa mazoea tu, viganja vyangu vikafunguka.

Mama akatabasamu. Akarudia neno kwa neno, huku akiitikia kwa kichwa.

Muuguzi alifuta machozi. Daktari aliniambia hajawahi kuona mgonjwa akikubali kwa moyo mkunjufu namna ile. Nami nikatoka nje, nikakupigia kukuambia kwamba mama ameridhia kwa kinywa chake, na kwamba usijisumbue kuja mpaka baada ya upasuaji.

Njia ya mwongo ni fupi. Jana mama alianza kuonyesha chini ya kitanda, akinisemesha, akikasirika kwamba simwelewi. Nilimpa maji, akayasukuma. Nilijaribu kumwekea simu sikioni akusikie wewe, akaitupa hata kabla hujapokea, kama anavyofanya siku zote. Mwishowe nikainama nikatazama. Alikuwa anataka viatu. Nilimpa kimoja, akanielekezea cha pili. Vyote viwili amevilaza kifuani, na kila anayeingia wodini anamwonyesha.

Upasuaji ni kesho kutwa asubuhi. Nikifunga barua hii naenda kumweleza daktari ukweli wote, akinidharau na anidharau. Lakini yeye naye hawezi kumwuliza mama, wala sumu haitatungoja sana. Shemeji yako ana gari hapo nje kwako. Tafadhali, usimalize hata kumpa chai, njoo naye. Mwulize mama wewe, kwa maneno yake. Akikataa, niambie amekataa, usinilainishie.

Nisalimie wanangu mmoja mmoja, na baba watoto mwombe radhi kwa kukuondoa ghafla. Naogopa, dada, naogopa sana. Ukifika, kabla hujanigombeza, nifundishe kumwomba mama msamaha kwa lugha yake. Sema taratibu, nitarudia.

Ni mimi mdogo wako,
wanayemwita Mwalimu