Paa Mgeni wa Bibi wa Kibedui

Mjukuu wangu, mume wangu Nasri,

Salamu zako zimefika, na huku Ibra, Omani, sote wazima. Mama yako kashahamia nyumba mpya, na mitende ya ami yako imezaa mno.

Lakini barua yako imeniacha mdomo wazi! Watu wazima wangoje bahati nasibu miaka, wapate kibali cha kuua mnyama mmoja? Tena wasema magharibi ya huko Marekani ardhi ni ya serikali, anaingia yeyote, na mashariki kila msitu una mwenyewe, mpaka upige hodi. Ukaniuliza sisi tulikuwaje.

Mwaka tuliohama Tabora kuja huku, babu yako alimwona paa jangwani, nje ya Ibra. Kule bara tulizoea kwamba pasipo ua hapana mwenyewe. Akashuka garini na bunduki. Mara akazuka bibi wa Kibedui nyuma ya mgunga, akasimama mbele ya mtutu! Mimi nimo garini, naona yote.

"Ardhi hii yako?" babu yako akamuuliza.

"Si yangu. Lakini paa huyo anakunywa birika moja na mbuzi wangu, nalijaza maji mimi. Ni mgeni wangu."

Babu yako akashusha bunduki. Bibi yule akatukaribisha kahawa na tende, kama kwamba hapakutokea kitu.

Mpaka leo sijamsahau bibi yule. Hebu waulize hao rafiki zako: bahati nasibu ya kuua wanaicheza. Kiangazi kikikaza, ya kuwanywesha maji wanyama hao anaicheza nani?

Bibi yako,
Zuwena