Mtu wa Kiooni

Ruwi, Muscat

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako limepoa? Usinijibu "sijambo" ya mkato kama barua ile nyingine, nakujua. Mwanao mzima, ila joto la huku, hata bomba la maji baridi linatoa maji ya kuogeshea mzazi.

Bado nasafisha ule ukumbi wa michezo anapofundisha mzee Mkorea, tunayemwita Ustadhi. Usimdharau kwa ufupi wake. Zamani, vita vilipokwisha kwao, yeye na wenzake wachache walikusanya mateke na mapigo ya kale, huku kidogo, kule kidogo, wakayaunga yakawa mchezo mmoja, taekwondo. Upo mtiririko mrefu wa mapigo alioutunga peke yake. Huko kwao vijana wameukatakata, eti unachosha. Mzima anao yeye tu, kichwani.

Kila mchana ukumbi ukiwa mtupu anaucheza mbele ya kioo cha ukuta mzima. Taratibu, mama, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Mimi nafuta kioo, yeye yumo humo ndani, na mara nyingine nasahau kabisa kama niko Muscat. Miaka mitatu sasa. Miguu yangu ikajifunza bila kuniomba ruhusa. Nikikaanga chapati najikuta nageuka na teke, wenzangu chumbani wanacheka: "Haya, Zuhura kapandisha pepo!"

Juzi wakaja wanafunzi wake wawili wa zamani, nao wana mvi tayari, na kamera ya video. Wameufuata ule mtiririko kabla mzee hajaenda nao kaburini, na kesho yake wanarudi kwao. Wakamgeuza akakipa kioo mgongo, kamera isije ikaonekana humo. Akaanza. Kufika katikati, akasimama. Akaanza tena, akasimama palepale, mkono hewani. Mara ya tatu akabaki kuangalia viganja vyake. Mama, niliumia. Kitu amekizaa mwenyewe, kinampotea watu wanatazama! Mgeni mmoja akageukia ukuta, analia.

Meneja wetu amekataza mfagiaji kukanyaga mikeka ya mazoezi. Nikasema liwalo na liwe. Nikaacha ndoo, nikasimama ubavuni mwa kamera na miguu yangu yenye maji, nikamwelekea mzee, nikacheza.

Kumbe miaka yote nimemfuata yule mtu wa kiooni! Kulia kwangu kote kulikuwa kushoto. Meneja akapiga kelele, "Khalas, basi, Zuhura! Unakosea, toka!" Kukosea nilikosea kweli. Lakini Ustadhi akanitazama, uso ukafunguka, akainua mkono wa upande ule ule niliouinua mimi. Maana ndivyo alivyozoea, kujitazama kiooni. Akaniashiria turudi mwanzo. Tukaenda, yeye na mimi, pigo kwa pigo, pale alipokwama tukapita kama hapajawahi kuwa na shimo. Sikusikia feni, sikusikia magari ya nje. Sijui ilichukua muda gani. Ningeambiwa nimelala ningekubali.

Tulipomaliza aliniinamia. Mimi, mama! Nikakimbilia ndoo yangu nikalia kama mjinga. Meneja hajanifukuza, amenuna tu, na kununa hakuvunji mfupa.

Msalimie baba, mwambie apunguze ubishi na daktari. Shangazi Mwanaidi anayekuchotea maji, Mungu amzidishie. Rehema mdogo wangu asome, asinifuate huku kabla hajamaliza shule. Na bibi mwambie namwota, kila mara ananisuka.

Mkanda umeshakwenda Korea. Watu watajifunza kutoka humo hata sisi tukishakufa. Mimi simo, hata kidole. Ila mzee hatazami kamera hata mara moja, macho yake yako pembeni kidogo, toka mwanzo mpaka mwisho, na wote watadhani ndivyo mchezo ulivyo, nao watajifunza kutazama pale.

Pale nimesimama mimi.

Mwanao akupendaye,
Zuhura