Nati ya Milimita kwa Landrover ya Babu

Kwa Nyanya Mbithe,
Mumbuni, Machakos.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa kaka Antony,

Niaje huko Doha? Natumaini afya iko na joto halijakukausha ukabaki mifupa na meno. Sisi ni wazima. Nyanya magoti yanamuuma, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Mimi binamu yako nimezidi kupendeza, uliza wasichana.

Kwanza tulia: mbuzi wako wa ntheo, wale wa kumfanya msichana mke kimila, walifika kwao Mwala jana, na Nzilani sasa ni mke wako. Lakini ilibaki kidogo tu. Baba yake alikuwa ameshasema siku ikipita hapangi nyingine.

Unajua Nyanya alikataa lori. Landrover ya babu ndiyo ilipeleka mbuzi wa wanawe wote, na wako hawangeenda na gari ya kukodi kama wa kuuzwa sokoni. Ikabidi ile maiti ifufuliwe.

Hapo ndipo uliharibu. Ile seti ya spana uliyotuma, inang'aa kama viatu vya mhubiri, yote ni milimita. Gari yenyewe ilizaliwa na inchi. Halafu babu, Mungu amlaze pema, kila bolti ikipotea alichomeka ya Toyota. Sasa nati hii ni inchi, jirani yake milimita, na hawasalimiani.

Na spana zako akapewa nani? Wathome, eti kwa sababu anatengeneza vyerehani kule kiwanda cha nguo cha EPZ Athi River. Fundi wa suruali. Alishika nati za nusu inchi na ile spana yako ya milimita kumi na tatu, ikateleza, akaongeza nguvu, mpaka zikawa mviringo kama gololi. Kisha akamwaga bolti zote kwa beseni moja, akaziosha na mafuta ya taa kama sukuma wiki. Mimi kila bolti nairudisha kwa shimo lake, hata nikiwa na usingizi.

Alipofunga propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, nikaona nati ya milimita ikienda kwa bolti ya inchi. Inaingia tamu tamu kidogo, halafu inakwama kabla ya kubana. Mjinga anadhani imekaza. Nikamwambia. Akanijibu, "Wewe uliachia shule darasa la saba, milimita utaijulia wapi?" Wazee wakacheka. Nikaficha ile spana nyeusi ya babu, ya inchi, ndani ya soksi.

Karibu na Mwala propela ikaanguka upande mmoja, ikaanza kulima barabara. Mbuzi wakalia, Nyanya akaomba, Wathome akafungua simu atafute video ya kumfundisha. Nikalala chini, nikatoa spana ya babu kwa soksi, nikafungua upande uliobaki, nikarusha propela huko nyuma kwa mbuzi, nikabonyeza kile kirungu cha manjano, magurudumu ya mbele yakashika kazi. Tukaingia kwa wakwe tukivutwa na mbele kama mkokoteni wa punda.

Baba ya Nzilani akauliza fundi ni nani. Wathome akajitokeza na spana yako mkononi. Nyanya hata hakumwangalia. Akasema, "Huyo tumekuja naye ashike kamba za mbuzi."

Akazishika, kaka, mpaka mbuzi wa mwisho.

Siku ya harusi Nzilani atabebwa na gari hiyo hiyo. Kuja na spana za inchi. Ukileta milimita tena, utaivuta mwenyewe ukiwa na suti.

Hapa nyumbani Mumbua na Kasiva wanakusalimia, na Nyanya anasema Mungu akufunike huko na akurudishe ukiwa mzima, kila nati mahali pake.

Wako akupendaye kuliko unavyostahili,
Ngui