Wazee Kumi na Mmoja Mbele ya Viti vya Mama

S.L.P. 118,
Bekwai.
9 Oktoba 2022

Mpendwa mdogo wangu Siaw,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Bremen, na baridi imeshaanza kukung'ata? Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mjomba Antwi naye hajambo, na neno hilo nimelisema kwa makusudi. Utaelewa mbele.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako ilikuwa inaita bila kupokelewa, na sasa haiiti kabisa. Anwani nimeipata nyuma ya bahasha ya zile picha ulizotutumia mwaka juzi. Kama umehama, anayeisoma barua hii amtafute ndugu yangu: ni mrefu, na hapendi kuulizwa anarudi lini.

Habari yenyewe ni ya tovuti uliyotutengenezea ya biashara yetu ya kukodisha viti na maturubai ya misiba. Ulipoifungua mwezi wa pili tulishangilia, nami nikanunua maturubai manne mapya nikakaa mkao wa kula. Miezi ikapita, hakuna mteja aliyetokea humo. Kila Jumamosi watu wa misiba walipita mlangoni kwangu na nguo zao nyeusi na nyekundu, wakaenda kukalia viti vya kukodi vya Pokuaa, mshindani wetu. Viti alivyotuachia marehemu mama vimerundikana stoo, buibui ndio wapangaji. Nikaapa kwamba Krismasi ikifika hali ni hiyo hiyo, namuuzia Pokuaa vyote. Siaw, niliumia. Vile viti ndivyo vilivyotusomesha.

Mwishowe nikamwita Bi Dufie, yule anayefundisha kompyuta sekondari. Akafungua ukurasa kwenye simu yake, tukasubiri. Akamenya chungwa, akalila, tukaendelea kusubiri. Likatokea paji la uso la Mjomba Antwi. Chungwa la pili lilipokwisha, ikatokea pua.

Unakumbuka ilivyokuwa. Mjomba, kama mkuu wa ukoo, alisema haiwezekani mtu aingie nyumbani kwetu na kuulizia viti kabla hajawasalimu wazee. Basi ukawapanga wazee kumi na mmoja, kila mmoja na cheo chake, picha kubwa kama zilivyotoka kwa mpiga picha, na kwaya ikiimba. Viti vikaja baada ya mzee wa mwisho.

"Dada Birago, nani atafika huko chini?" Bi Dufie aliniuliza. "Bando lake litakata roho kwa mzee wa nne!"

Nikapeleka habari kwa Mjomba. Akakataa katakata, akasema asiyeweza kuwasubiri wazee aende akakalie mawe. Nikarudi nyumbani, kwani unamjua.

Haikupita wiki, akapigiwa simu na mzee mmoja wa Obuasi waliyefanya naye kazi mgodini zamani. Yule mzee aliuona ukurasa wetu, picha, vyeo, kwaya, na chini kabisa maturubai ya msiba. Akajumlisha mwenyewe. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, na simu ya Mjomba ina sauti kubwa, nikasikia yote.

"Poleni sana jamani," yule mzee akasema, analia. "Mazishi ya Antwi ni lini?"

"Antwi yupi?"

"Antwi wetu! Na wenzake kumi. Ilikuwa ajali ya gari?"

"We mzee, Antwi ndiye mimi!"

Yule mzee akakata simu, na mpaka leo akipigiwa hapokei.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, lakini Mjomba hakucheka. Alinitazama akasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi sitaki lije. Niondoeni hapo leo hii!"

Bi Dufie akafanya kazi siku moja. Viti na maturubai viko juu, na bei yake wazi. Kwaya imenyamazishwa. Namba yangu ya simu, ambayo uliiandika ikapungua tarakimu moja, Mungu akusamehe, imekamilika. Wazee wako chini kabisa katika picha moja ndogo, wamekalia viti vyetu wanacheka, ili asitokee mtu wa kuwazika. Sasa ukurasa unafunguka kabla hujamaliza kupiga hodi.

Jumamosi iliyopita viti vyote vilitoka, Siaw. Vyote! Pokuaa alipita kuvitazama, nikamwonyesha stoo tupu na buibui wake.

Ila wateja wale walininung'unikia. Wanasema waliniandikia tangu zamani kwenye ukurasa na sikuwajibu, nimekuwa na maringo. Bi Dufie akachunguza, akakuta kisanduku kile cha "Tuandikie, tutakujibu upesi" kilikuwa kinapeleka kila kitu kwenye barua pepe yako ya zamani, ile uliyotumia kuujaribia ukurasa. Wateja wangu wa miezi minane wamelala kwako. Ameshakielekeza kwangu, lakini barua za nyuma ziko huko. Tafadhali zifungue unitumie.

Alipotuambia amekigeuza, Mjomba alishtuka akaweka bakuli lake la supu chini.

"Sasa mimi na Siaw tutaongea wapi?"

Ndipo nikajua. Pale chini uliandika "Imetengenezwa na Siaw", na kisanduku kiko chini ya jina lako. Mjomba akaelewa kuwa ni mlango wako. Kila Jumapili akitoka kanisani amekuwa akikuandikia kwa kidole kimoja, tangu mwezi wa pili. Nilimuuliza anakuandikia nini, akasema si mambo ya wanawake. Nilimuuliza mbona hakuchoka bila jibu. Akasema, "Yuko kazini. Atajibu. Si wameandika upesi?"

Kwa hiyo, mdogo wangu, za wateja nitumie mimi. Za Mjomba mjibu mwenyewe, na ufanye haraka, kabla yule mzee wa Obuasi hajapiga tena kuulizia mazishi, na safari hii ikawa kweli.

Bi Dufie anakusalimu. Shangazi Frema anauliza kama umenenepa. Mungu wa mama akulinde barabarani na kwenye barafu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipopokea simu,

Birago