Usimtumie Tena Sharifa Ile Dawa ya Tyubu

S.L.P. 27,
Mikindani, Mtwara.
3 Septemba 1973

Mpendwa wifi yangu Hamisa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Abeid na watoto. Je, mgongo wa shemeji umepata nafuu? Na Tabu ameshaota meno, au bado anakutafuna kwa fizi?

Huku tunaendelea, Alhamdulillahi. Kaka yako Isihaka kifua kinamsumbua kila asubuhi, na sigara haachi. Mikorosho ya shamba letu la Mahurunga imetoa maua mengi mwaka huu.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa kaa chini usome lililonifanya nishike kalamu.

Sharifa, binti yangu ambaye ni mwanao pia, ameharibika uso. Ni ile dawa ya tyubu unayomnunulia kwenye duka la dawa huko Dar es Salaam. Nakuandikia nikiwa na hasira nawe, wifi, na sitaki kuificha, maana tumezoea kuambiana.

Unakumbuka ilianza na choa cha shingoni, kiduara kidogo tu. Ukatuma tyubu kwa mkono wa Mohamedi dereva wa lori, ukasema muuzaji amekuhakikishia kuwa inaponya kila kitu cha ngozi. Kweli choa kikafifia upesi, kuwasha kukaisha, nasi tukakusifu mtaa mzima. Ukatuma na nyingine, na nyingine.

Tulipomweka mwali ndani kungoja harusi ya mwezi huu wa Shaabani, ndipo mambo yalipoharibika. Unamjua somo yake, Bi Mwanakombo, jinsi anavyojivunia wasichana anaowafunda. Alisaga liwa, akaichanganya na marashi, akamsinga kama desturi. Safari hii akaona aongeze na utaalamu wa Dar: akawa anakamua tyubu ndani ya liwa na kumpaka uso mzima, shingo na kifua, asubuhi na jioni. Bakuli nilimshikia mimi. Mwanzoni uso uling'aa, na wanawake waliokuja kumwona wakasema amekuwa maji ya kunde kama shangazi yake. Najua ungefurahi kusikia hilo. Nami nilifurahi.

Kisha ngozi ikawa nyembamba, vimishipa vyekundu vikaonekana mashavuni, chunusi zikajaa kidevuni. Akisogelea jiko analia kuwa uso unamuunguza. Na kile choa tulichodhani kimepona kikarudi kwa miduara mikubwa, kikapanda hadi sikioni. Bi Mwanakombo akasema ni kijicho cha watu, akazidisha dawa.

Hapo nikamvisha buibui, nikampandisha basi kwenda hospitali Mtwara. Maneno niliyoyapata kwa kumtoa mwali nje kabla ya siku yake, sitayasahau. Hata kaka yako alininunia, akaenda kula kwa jirani.

Daktari alitueleza kwamba dawa ile ina nguvu na ina kazi yake, lakini hutolewa kwa kipimo, na mgonjwa akishaangaliwa. Choa haikukiponya. Ilikificha tu, kikawa kinaenea chini kwa chini. Ameandika dawa nyingine ya choa, na ile ya tyubu ameikataza kabisa. Akatuonya pia kwamba Sharifa akiacha kupaka, uso utavimba na kuwaka kwanza, na huenda ikachukua miezi kutulia.

Hiyo miezi ndiyo inayonimaliza. Uso ulipovimba, watu wakaanza kunong'ona kuwa ni ukoma. Maneno yamefika kwa wakwe, na mama yake bwana harusi Selemani ametuma mtu kusema wanataka kuja kumwona mwali. Isihaka amewaomba harusi isogezwe hadi baada ya Idi. Hawajajibu. Selemani mwenyewe yuko kazini bandarini, na sijui maneno hayo yamemfikia vipi.

Sasa Sharifa anasema afadhali apake mpaka harusi ipite, ndipo aache. Maana akipaka, uwekundu unatulia na anapendeza. Akiacha, uso unamgeuka. Juzi nimekuta tyubu chini ya godoro lake, imekamuliwa hadi imekunjana. Nimeitupa chooni. Alilia mpaka sauti ikakauka, akasema mimi ndiye ninayemkosesha mume. Mtoto wa kumzaa mwenyewe.

Kwa hiyo atakuandikia wewe. Anajua tangu alipokuwa akitambaa humnyimi kitu. Atakubembeleza, atasema mama ana roho mbaya, atasema ni tyubu moja tu ya mwisho. Wifi, nakuomba kwa haki ya kaka yako, usiitume. Mwache akuchukie kama anavyonichukia mimi, tuchukiwe pamoja. Na kama nyumbani kwako kuna mtoto unayempaka dawa hiyo, mpeleke kwanza kwa daktari.

Ukipata nafasi, njoo. Wakwe wakija kuketi mbele ya uso ule, neno la shangazi litasikilizwa kuliko langu. Nami nimechoka kusema peke yangu.

Nisalimie shemeji Abeid, mwanangu Zainabu, na Mama Mariamu jirani yako. Isihaka anakusalimu sana. Bi Mwanakombo naye anakusalimu, ingawa siku hizi anapita nyumba yetu kichwa chini, na mimi bado sijaweza kumwita. Sharifa hakusalimu, kwa kuwa hajui kwamba nimekuandikia.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na wanao, na atuponyee huyu tuliye naye.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata leo,

Mwasiti binti Athumani